Jinsi ya Kutazama Amadeus kwa Masikio: Mwongozo Kamili kutoka kwa Mwimba Besi

Mara ya kwanza kuitazama Amadeus nilisinzia kabla Mozart hajaoa. Ilikuwa Jumapili, nimetoka kuimbisha misa mbili, tumbo limejaa wali, na kwenye kioo kuna watu wenye mawigi wanabishana kwa Kiingereza cha haraka kuhusu opera ambazo sijawahi kuzisikia. Mara ya pili nilikaa macho mpaka mwisho, nikainuka nimeudhika bila kujua nimeudhiwa na nini. Mara ya tatu ndipo nikajua: filamu ilikuwa inanisema mimi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako usiyetaka kuzunguka kote huko. Si lazima uwe mwanamuziki. Ukiwa umewahi kuimba kwaya, hata ile ya shule, tayari una nusu ya vifaa.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 1984. Iliongozwa na Miloš Forman, ikaandikwa na Peter Shaffer kutokana na tamthilia yake mwenyewe iliyoanza kuchezwa London mwaka 1979. Sehemu kubwa ilipigwa Prague, na ikabeba tuzo 8 za Oscar. Jina ni la Mozart, lakini anayesimulia ni Antonio Salieri, mtunzi wa muziki katika kasri la Kaisari Joseph wa Pili huko Vienna. Hilo la nani anasimulia lishike vizuri, tutalirudia.

Hatua ya 1: Toleo, saa na sauti

Yako matoleo mawili. Lile la 1984 lina dakika 160. Lililorefushwa, la mwaka 2002, linafika dakika 180, na katika nyongeza zake kuna tukio ambalo Constanze, mke wa Mozart, anavua nguo mbele ya Salieri ili mumewe apate kazi. Tukio hilo si la bure, kwani bila hilo huelewi kwa nini baadaye Constanze anamchukia Salieri kiasi kile. Ila ukitazama na watoto, au na wakwe, tafuta la 1984. Nalo halikosi utani wa chooni, uwe tayari. Hapo filamu haikumsingizia Mozart, maana barua zake zipo na utani huo umo tele.

Usiitazame baada ya kula wali.

Na usiitazame kwa spika ya simu, kwa sababu spika ya simu haina besi, na tukio kubwa kuliko yote katika filamu hii linaanza na besi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni safi, ili macho yashughulike na maneno na masikio yabaki huru.

Hatua ya 2: Sikiliza vipande vitatu kabla

Vitatu tu. Ukisikiliza kumi utachoka kabla ya kuanza.

Kwanza ujue namna ya kuvitafuta. Kazi za Mozart zina namba zenye herufi K, kutokana na Ludwig von Köchel, aliyezipanga kwa kadiri ya miaka ya kutungwa na kuchapisha orodha yake mwaka 1862. Ya mwisho ni 626, misa ya wafu maarufu kama Requiem. Ukiandika "Mozart K. 183" unapata unachotaka hata kama jina limeandikwa kwa Kijerumani au Kijapani.

Anza na hiyo K. 183, simfonia namba 25, sehemu ya kwanza. Aliitunga mwaka 1773 akiwa na miaka 17. Ndiyo inayolipuka mwanzoni kabisa, pale mlango unapovunjwa na mzee Salieri anakutwa amejikata shingo. Sikiliza fidla zinavyoingia nje ya pigo, kama mtu anayekimbia na kiatu kimoja.

Halafu K. 361, ile inayoitwa Gran Partita, sehemu ya tatu, Adagio, yaani ya polepole. Ina ala 13: obo mbili, klarineti mbili, baseti honi mbili, fagoti mbili, honi nne na besi moja ya nyuzi. Nilikulia Tanga, nzumari za ngomani zikiwa masikioni mwangu tangu utoto, na obo niliitambua kabla sijajua jina lake. Ni ndugu wa nzumari. Zote mbili zinapulizwa kwa ulimi wa vipande viwili vilivyobanwa pamoja, ndiyo maana zote mbili zina ile sauti ya puani inayopenya kelele yoyote. Tofauti ni kwamba nzumari inaita watu uwanjani, na obo hii ya Mozart inaingia kimyakimya, noti moja imening'inia juu, unajiuliza itashuka lini.

Cha tatu ni Confutatis, kutoka Requiem. Kipande kifupi. Kisikilize mara mbili, kisha ukiache.

Hatua ya 3: Mara ya kwanza, tazama tu

Simu chumba kingine. Usisimamishe filamu kutafuta kama jambo fulani ni kweli. Kazi yako usiku huo ni moja: kila unapomwona Mozart, jiulize anayekuonyesha ni nani.

Jibu ni lilelile kila mara. Mwaka ni 1823, mzee yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, na mbele yake ameketi padri kijana aliyekuja kumwungamisha. Yote tunayoyaona ni maungamo ya mtu mwenye kinyongo, na kinyongo kina kumbukumbu nzuri mno. Kile kicheko cha Mozart, cha juu, cha kama punda aliyefurahi, huenda ndivyo tu kilivyobaki kichwani mwa Salieri. Mimi mara ya kwanza nilikiona kicheko hicho ni kosa la mwigizaji. Sasa naona ndicho chenye akili kuliko vyote, kwa sababu hakuna kinachoudhi kama kipaji kikubwa kukaa kwa mtu unayemwona mpuuzi.

Mwanzoni kabisa yapo mazungumzo mafupi ya kuyasikiliza kwa makini. Salieri anampigia padri wimbo wake mmoja na kumuuliza kama anaufahamu. Haufahamu. Anampigia mwingine, uliowahi kuwa maarufu. Padri anaomba radhi. Kisha anapiga wa tatu, na padri anachangamka, anaudakia na kuuimbia mwenyewe. Ni Eine kleine Nachtmusik. Padri anamsifu kwa kuutunga wimbo mzuri hivyo, na mzee inambidi amwambie si wake, ni wa Mozart.

Mtu yeyote aliyewahi kutunga chochote, ukiwemo wimbo wa harusi ya binamu, atauhisi huo mkwaruzo.

Hatua ya 4: Andika usiku huohuo

Kabla hujaingia intaneti kusoma wenzako walisema nini, chukua karatasi. Mistari mitatu inatosha: nilicheka wapi, niliudhika wapi, niliona aibu wapi. Huo wa tatu ndio wenye mali. Ukiuacha mtupu, umeandika uongo kwenye ile miwili.

Hapa lugha yetu inakusaidia kuliko unavyodhani. Wachambuzi wengi wanasema filamu hii inahusu wivu na wanaishia hapo. Kiswahili kina vyumba kadhaa katika nyumba hiyo. Wivu unaweza kuwa juu ya kilicho chako, kama mume juu ya mkewe. Husuda ni kutaka mwenzio apokonywe alichojaliwa, hata kama wewe hutakipata. Kijicho ni husuda inayoanzia kwenye kuona. Sasa jiulize Salieri yuko chumba gani. Ana cheo, ana fedha, ana sikio la Kaisari, huku Mozart anahangaika na madeni. Kwa macho hakuna cha kumtamani Mozart. Kijicho chake kimo masikioni. Ndiye mtu pekee katika kasri lile anayesikia sawasawa muziki wa mwenzake una nini ndani, na huko kusikia ndiko kunakomuua.

Jina la filamu linagusa hapohapo. Mozart alibatizwa Theophilus kati ya majina yake mengine, yaani mpendwa wa Mungu, na Amadeus ni namna ya Kilatini ya kulisema jina hilo. Ugomvi wa Salieri hauko na kijana wa Salzburg. Uko na aliyempenda.

Hatua ya 5: Rudia matukio matatu

Siku nyingine, si usiku uleule, rudi kwenye matukio matatu tu.

La kwanza ni pale Salieri anapomsikia Mozart kwa mara ya kwanza, katika nyumba ya askofu mkuu. Alikuwa ameingia kuiba vitamu, akamkuta kijana anatambaa sakafuni akimfukuza msichana, anaongea matusi kinyumenyume. Kisha muziki unaanza chumba cha pili, na kijana anashtuka: wameanza bila yeye! Ni ile Adagio ya K. 361. Mzee Salieri anamwelezea padri muziki ule ala kwa ala, kwanza mapigo ya chini yasiyo na maajabu, halafu obo, halafu klarineti inaipokea noti. Tazama mkono wa mwigizaji, F. Murray Abraham. Unapanda hewani na noti. Sijaona popote pengine mtu akifundisha kusikiliza kwa namna rahisi hivyo. Funga macho na urudie kipande hicho cha filamu bila picha. Utagundua unasikia ala ambazo juzi zilikuwa mchanganyiko tu.

La pili ni lile la wimbo wa gwaride wa kumkaribisha Mozart. Salieri ametunga kipande kidogo cha heshima, na Kaisari mwenyewe anakipiga kwenye kinanda, vidole vizito, mgeni akiingia. Dakika chache baadaye Mozart anasema amekwisha kukishika kichwani. Anakaa, anakipiga chote, anafika mahali fulani na kusema hapa hapakai vizuri, anajaribu hivi, anajaribu vile, na mbele ya baraza zima kile kipande kikavu kinageuka kuwa wimbo wa kucheza. Anayeijua opera yake ya 1786, Ndoa ya Figaro, anaitambua Non più andrai.

Hapo ndipo nilipoudhika mara ya pili, na sasa naweza kusema kwa nini. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa mwalimu wa kwaya, alikuja mazoezini kijana wa kidato cha pili. Hasomi nota, solfa, ile do-re-mi, haijui, alikaa benchi la nyuma akisubiri dada yake. Tulikuwa tunapitia wimbo wa matoleo nilioutunga mimi, kazi ya wiki tatu. Tulipopumzika aliniomba aguse kinanda. Akaupiga wote. Kwenye mstari wa tatu, pale ambapo mimi nilirudi nyumbani kwenye do kama watu wote wanavyorudi, yeye alichelewa, akapita kwenye kodi nyingine, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, yenye giza kidogo, kisha ndiyo akarudi. Sauti ya pili wote waligeuka. Mama mmoja akasema, "Jamani!"

Nikamwambia, "Vizuri, mwanangu. Ila hapa tunafuata nota." Nikachomoa waya wa kinanda ukutani, nikauviringa mkononi taratibu, kana kwamba mazoezi yameisha. Hayakuwa yameisha.

Tazama uso wa Salieri wakati Mozart anapiga. Anatabasamu. Mimi pia nilikuwa natabasamu.

La tatu ni la usiku wa mwisho. Mozart yuko kitandani hana nguvu, Salieri ameketi na kalamu, wanaandika Confutatis. Na hapa, wewe wa kwaya, utaona kitu ambacho mtaalamu wa filamu anaweza kukipita: ni mazoezi ya kwaya haya! Mozart anafanya kile tunachokifanya kila Jumatano jioni. Anatoa sauti moja, anaiimba, anahakikisha imekaa, anakwenda nyingine. Besi kwanza. Kisha tenori wanaingia nyuma yao. Halafu ala: fagoti na tromboni zikiwashika waimbaji, tarumbeta na ngoma, na chini kabisa zile nyuzi zinazozunguka kama moto chini ya sufuria. Kila kipande tunakisikia peke yake. Salieri anaomba asubiriwe, mwenzake anakwenda mbio mno, yeye haelewi, na ghafla anaelewa, uso unafunguka, na filamu inatupigia vyote kwa pamoja.

Fanya hivi. Tazama tukio hilo na kalamu mkononi. Kila sauti inapotajwa, weka alama. Kisha sikiliza Confutatis nzima nje ya filamu, ujaribu kufuata besi tu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukipotea, rudi. Mimi nimeimba besi miaka 20 na nilipotea mara nne. Wanawake wanapoingia na "voca me", laini kama pumzi, wengi huiacha besi wakawafuata wao. Ni sawa. Hata watunzi wenye moyo mgumu huwafuata.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo utafute ukweli

Nimeliweka hili nyuma kwa makusudi. Ukilitanguliza, utaitazama filamu kama karani anayehakiki risiti.

Salieri hakumuua Mozart. Uvumi ulikuwapo tangu enzi hizo, hata kwenye madaftari ambayo wageni wa mtunzi Beethoven, aliyekuwa kiziwi, walimwandikia maneno umetajwa, na mwaka 1830 mshairi wa Urusi, Pushkin, aliutungia tamthilia fupi. Lakini barua ya Mozart kwa mkewe ya Oktoba 14, 1791, wiki chache kabla ya kifo chake, inasimulia jinsi alivyompeleka Salieri kwa gari kwenda kutazama opera yake mpya, Filimbi ya Kichawi, na jinsi Salieri alivyosikiliza kwa makini na kushangilia karibu kila kipande. Kuna hata wimbo walioshirikiana kuutunga mwaka 1785, uliodhaniwa umepotea hadi ulipopatikana Prague miaka ya karibuni.

Salieri wa filamu amemwahidi Mungu useja. Wa kweli alioa na kupata watoto wanane. Wa filamu ni mtunzi hafifu. Wa kweli aliwafundisha Beethoven, Schubert na Liszt, pamoja na mtoto wa Mozart mwenyewe, na huwezi kumpelekea mwanao mtu aliyemuua mumeo. Usiku ule wa kuandika pamoja haukuwapo. Aliyeagiza Requiem kwa siri ni kabaila mmoja, Franz von Walsegg, aliyetaka misa ya kumkumbuka mkewe aliyefariki Februari 1791. Mozart alifariki Desemba 5 mwaka huohuo akiwa na miaka 35. Katika Lacrimosa, sehemu mojawapo ya Requiem, mwandiko wake unakomea baa ya nane, na kazi ilimaliziwa na Franz Xaver Süssmayr, aliyekuwa karibu naye.

Kosa linalonisumbua zaidi ni dogo. Constanze anapomletea Salieri karatasi za mumewe, Salieri anashangaa hazina hata futo moja, kana kwamba Mungu alikuwa anamsomea Mozart naye anaandika. Ni tukio zuri ajabu, muziki unabadilika kila anapofunua karatasi. Lakini rasimu za Mozart zipo, na zina masahihisho. Zile kwateti sita, yaani tungo za ala nne za nyuzi, alizomtunukia mtunzi Haydn mwaka 1785, mwenyewe aliandika kwamba ni tunda la kazi ndefu na ya jasho. Filamu ilituondolea jasho ili husuda ing'ae. Sinema nzuri, ila inawadanganya vijana wanaotunga wakidhani asiyefuta ndiye mwenye kipaji.

Na moja la kuchekesha. Tom Hulce aliyemwigiza Mozart na Abraham aliyemwigiza Salieri walishindanishwa kwenye tuzo moja ya Oscar, mwigizaji bora. Akashinda Salieri.

Hatua ya 7: Andika tafakuri yako

Usisimulie filamu nzima. Chagua tukio moja kati ya matatu, lieleze ulivyolisikia, kisha weka kando yake jambo moja lililokupata wewe. Kurasa mbili. Usimhukumu Salieri kabla hujaandika ule mstari wa aibu uliouweka usiku wa kwanza, na ukisema muziki ni mzuri, taja ni wapi: ala ipi, neno lipi, pigo la ngapi. "Muziki ulinigusa" futa kabisa. Kisha msomee mtu kwa sauti. Atakapoanza kuangalia simu, hapo pakate.

Yangu niliiandika kuhusu ule waya wa kinanda. Nilipomaliza nikampigia simu dada yake yule kijana, ambaye bado anaimba sauti ya kwanza. Kijana sasa anafanya kazi ya kuchomelea vyuma, na alikuja Jumamosi na mikono yenye madoa ya moto. Nilimwomba anipigie ule mstari wa tatu kama alivyoupiga siku ile. Nilidhani ameusahau. Akaupiga, kisha akasema hata wa nne haukukaa sawa, akaupiga nao, na kibwagizo.

Nikamwomba arudie, sauti moja moja, besi kwanza. Yeye anaimba, mimi naandika solfa nyuma ya ratiba ya misa, penseli imechongoka vibaya, do iko F, na kabla sijamaliza besi yeye amekwisha kuingia tenori.

"Subiri," nikamwambia. "Subiri kidogo, mdogo wangu. Unakwenda mbio."